Msamaha wa Kumshusha Hemedi

Nimekuwa wakala wa forodha kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo nimetoa bandarini vitu ambavyo wenyewe walikwisha kuvikalia matanga. Nasema haya mapema ili msomaji asidhani nilikwenda Maghofira nikiwa mshamba wa makaratasi. Nilikwenda nikijiona bingwa, na ndiyo maana yaliyotokea yananiuma mpaka leo.

Kilichonipeleka huko ni jeneza. Hemedi, mzaliwa wa Maghofira, aliendesha kreni katika bandari yetu kwa miaka tisa, kisha akafa kwa homa ya siku nne. Mama yake, Bi Mwanakheri, alituma neno moja tu: mleteni nimzike. Tukamtia kwenye jeneza lililozibwa kwa bati la zinki, tukampakia, na wenzangu wakanichagua mimi nimsindikize kwa sababu najua makaratasi. Safari sitaisimulia. Bahari ni bahari. Jeneza lilishushwa likawekwa ghala namba nne, nami nikatoka nje ya geti kwenda kutafuta pa kugonga muhuri.

Jambo la kwanza nililoliona Maghofira ni salamu yao. Wakikutana njiani mmoja huuliza, "Umesamehewa?" na mwenzake hujibu, "Nimesamehewa, sijui wewe." Nikadhani nimefika katika nchi ya wacha Mungu. Nikafurahi hata nikaanza kuitikia. Baadaye nilielewa kwamba wanaulizana habari za karatasi.

Mtu aliyenieleza ni Bwana Tuwano, karani wa dirisha la kwanza katika Idara ya Meli. Alikuwa mtu mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni, na juu ya shati lake alikuwa amevaa jaketi la kujiokolea majini, la rangi ya chungwa, limefungwa kamba zote. Wafanyakazi wote wa idara ile wamevaa hivyo. Ofisi yenyewe iko juu ya kilima, kilomita tano kutoka maji yalipo.

"Umesamehewa?" aliniuliza.

"Kwa kosa gani?"

"La kuja kwa meli ya watu."

Akanitolea kitabu cha sheria. Imeandikwa, tena kwa herufi kubwa, kwamba kila kiingiacho Maghofira kitaingia kwa Meli ya Taifa, iitwayo Heshima. Basi chochote kinacholetwa na meli nyingine, iwe sindano au tingatinga, kimeingia kwa kosa, na lazima mwenyewe aombe Hati ya Msamaha.

"Na hiyo Heshima iko wapi?" nikauliza.

"Iko safarini," alisema Bwana Tuwano, na akalitazama dirisha kama mtu anayemngojea mgeni wa chakula cha mchana.

Ukweli niliupata jioni ile nyumbani kwa Bi Mwanakheri. Nilimkuta mwanamke mwembamba wa miaka sabini hivi, anakaanga maandazi ya watu waliokuja kumpa pole. Heshima, alisema, ilisafiri mara mbili. Mara ya tatu ilipanda fungu la mchanga mbele ya mji, watu wakiitazama, na haikushuka tena. Miaka ilipopita mafundi waliikata kwa gesi, bati moja baada ya jingine. Akaligonga karai lake kwa kijiko. "Hili ni ubavu wake wa kushoto," alisema. "Milango ya msikitini ni sitaha yake. Kila nyumba hapa ina kipande."

Hiyo ilikuwa miaka arobaini iliyopita. Sheria haijafutwa, kwa sababu ili ifutwe lazima mtu aandike kwamba meli haipo, na mtu wa kuandika hivyo ni mfanyakazi wa Idara ya Meli. Idara ina watu mia nne na kumi na wawili. Wapo wahandisi wa mitambo, wapishi wa melini, wapaka rangi wa nanga. Kengele ya zamu inagongwa kila baada ya saa nne. Ipo hata likizo ya kichefuchefu cha bahari, siku kumi kwa mwaka, na niliambiwa wengi huimaliza. Mimi sikucheka. Nimefanya kazi na serikali, najua kwamba kitu kisichokuwepo ndicho kinachohitaji watu wengi wa kukitunza.

Asubuhi nilirudi dirishani na Bi Mwanakheri. Alikuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa na sababu. Kaburi lilikwisha kuchimbwa siku jeneza liliposhushwa. Watu wa Maghofira hawaachi kaburi lilale tupu, wanasema litamwita mwingine wa nyumba ile. Basi likikosa mwenyewe hung'oa mgomba pamoja na tunguu lake la mizizini wakaulaza mle ndani umshikie mahali. Mgomba wa Hemedi ulikuwa umekwisha kulala usiku mmoja.

"Msamaha huombwa kabla mzigo haujapakiwa," Bwana Tuwano alituambia. "Nyinyi mmeomba ukishashuka."

"Ningeomba lini?" nikasema. "Mtu amekufa Jumatatu, tumempakia Ijumaa, na maombi yenu yanachukua siku tano."

Alihesabu kwa vidole. "Basi angeomba Jumapili."

Nilimwangalia nione kama anatania. Hakuwa anatania. Nikamwonyesha fomu yake mwenyewe: inataka namba ya hati ya shehena, na hati ya shehena haitolewi mpaka mzigo uwe umekwisha kupanda melini. Kwa hiyo hakuna binadamu anayeweza kuijaza kabla ya kupakia.

"Ndiyo maana watu wengi hukosea," alisema kwa huruma ya kweli. "Na ndiyo maana upo msamaha."

Akatuelekeza dirisha la tatu, linaloshughulikia waliochelewa. Hapo tulijaza fomu nyingine, au tuseme aliijaza msichana mmoja mwenye sauti nzuri huku akituuliza. Aina ya mzigo? Maiti. Kipya au kilichotumika? Bi Mwanakheri alinigeukia. Nikasema waache wazi pale. Msichana akasema hapaachwi wazi, na akaandika "kilichotumika", kisha akaeleza kwamba vitu vilivyotumika vinahitaji cheti cha ukaguzi kuonyesha vinafanya kazi.

"Thamani yake?" akaendelea.

"Andika hana bei," alisema Bi Mwanakheri.

"Kisicho na bei ni sampuli ya biashara, mama. Nitaandika sampuli. Lakini utaleta barua ya kuahidi kwamba hutamuuza."

Yule mama aliiandika barua ile. Aliiandika pale pale, amesimama, kwenye ukingo wa dirisha, kwa mwandiko wa kujifunza ukubwani: Mimi Mwanakheri, mzazi wake, naahidi sitamuuza Hemedi. Nimeona mengi madirishani, nimeona watu wakilia na wakipigana, lakini sijapata kuona kitu cha aibu kama karatasi ile, na aliyepaswa kuona aibu aliigonga muhuri akasema asante.

Barua ilipelekwa kwenye Baraza la Sitaha, ambalo ndilo huamua mambo magumu. Kwa siku tisa wakubwa wale walijadiliana kama Hemedi ni kitu au ni mtu. Nilihudhuria kama mwakilishi wa mzigo. Upande mmoja ulisema ni kitu, kwa kuwa hakujibu alipoitwa getini. Upande wa pili ulisema ni raia, na raia haingizwi nchini, bali anarudi. Ila raia anayerudi lazima aonekane dirisha la pasi akiwa amesimama. Mzee mmoja alihutubia saa nzima kutaka iundwe fomu ya katikati. Akapigiwa makofi, ikaundwa kamati ya kuitafutia rangi.

Kila nikitoka barazani nilimkuta Bi Mwanakheri kwenye benchi, na sanda imekunjwa mapajani. Aliuliza neno lile lile: "Wamesema leo?" Nikijibu hapana, aliinuka akaenda zake kukaanga, kwa sababu wageni wa msiba walikuwa bado nyumbani; marehemu asipozikwa hakuna wa kuwaruhusu watu waondoke.

Siku ya Ijumaa, idara ikiwa imefungwa, nilikaa barazani kwake nikaisoma sheria yao yote. Wakala hodari haombi, hutafuta mlango. Nikaupata katika kifungu cha nane: kilichokuja kwa Meli ya Taifa hakihitaji msamaha.

Nikaruka. Nikamwambia Bi Mwanakheri kwamba tutaandika Hemedi amekuja kwa Heshima. Nani atakataa? Atakayesema hakuja nayo itabidi aseme meli ilikuwa wapi siku hiyo, na hakuna mtu katika idara ile atakayethubutu kulijibu swali hilo. Fomu ya walioko melini ilikuwa fupi, yenye safu tatu. Mzigo unataka bei, na hiyo tulikwisha kuikimbia. Abiria anataka tiketi na majibu ya maswali kumi na manne kwa kinywa chake. Safu ya mabaharia ilitaka jina tu.

"Tunaandika baharia," nikasema.

Bi Mwanakheri aliacha kukanda unga. "Hemedi hajawahi kuwa baharia. Alikuwa anatapika hata kwenye kivuko."

"Mama, ni neno tu kwenye karatasi."

"Katika nchi hii, mwanangu," alisema, "hakuna kitu kingine."

Nilimsikia, na sikumsikiliza. Nilikuwa naona raha ya werevu wangu, ile raha ninayoipata mzigo wa mtu unapopita geti baada ya miezi. Nikaandika jina la Hemedi kwenye safu ya tatu kwa wino mweusi. Haikuchukua dakika.

Jumamosi baraza zima lilijaa. Kiti cha mbele alikaa Nahodha Mwinjaka, mkuu wa idara, mtu mnene wa haiba aliyerithi unahodha kwa baba yake, na ambaye, kama alivyoniambia mwenyewe kwa fahari, hajapata kulowa miguu katika kazi yake yote. Karatasi yangu ilisomwa. Watu wakatazamana.

"Kama amekuja kwa Heshima," alisema msaidizi wake, "mbona sisi hatukuiona ikifika?"

"Na kama hakuja nayo," nikasema, "nielezwe Heshima ilikuwa wapi siku hiyo."

Niliona jasho likimtoka mpishi mkuu wa meli. Hapo Bi Mwanakheri, ambaye kwa siku tisa hakuwahi kuruhusiwa kusema, akainuka kwenye benchi la nyuma.

"Meli yenu mimi naikaangia maandazi," alisema. "Nanyi mmeyala, wengi wenu. Mnajua. Nipeni mtoto wangu tu, nami sitasema tena."

Hakuna aliyemkemea. Wengi walitazama sakafu, na karani mmoja alijifuta macho kwa mkanda wa jaketi lake la kujiokolea. Kwa kitambo kidogo nilifikiri nchi ile itapona. Kisha Nahodha akakohoa, akamwambia mwandishi asiyaandike maneno yale kwa kuwa hayakuletwa kwenye fomu, na akaomba kura.

Tulishinda. Walikubali wote, bila hata mkono mmoja kupinga, kwamba Hemedi ni baharia halali wa Meli ya Taifa Heshima. Tarumbeta ilipulizwa. Watu walinipa mikono. Nahodha alisema ni mara ya kwanza kwa miaka mingi meli kupata kijana, na nilimwona kweli ana furaha. Bi Mwanakheri alilia kifuani mwangu, akatuma mtu akawaite majirani wanane wa kubeba, wautoe na ule mgomba kaburini.

"Kubeba nini?" aliuliza Nahodha.

"Jeneza," nikasema. "Lipo ghala namba nne. Hahitaji msamaha, kwa hiyo tunamchukua."

"Hahitaji msamaha, umesema kweli. Lakini yuko kazini." Akafungua daftari la safari, akanionyesha maandishi ya asubuhi ile ile, yaliyoandikwa kama yanavyoandikwa kila asubuhi kwa miaka arobaini: Heshima iko safarini, salama. "Baharia hashuki meli ikiwa katikati ya bahari. Akishuka ni mtoro."

"Sasa hivi mmekubali amekuja nayo."

"Tumekubali ni baharia wake. Kuja, itakuja ikifika."

Basi karatasi yangu ikabaki ya kweli, na daftari lao likabaki la kweli, na kilichobaki kuwa uongo ni jeneza. Nilipiga kelele. Naona haya kusema, lakini nilipiga kelele na kugonga meza ya watu. Nikataka kuifuta fomu yangu. Wakanijibu kwa adabu kwamba baharia huacha kazi kwa barua aliyoiandika mwenyewe, kwa mkono wake.

Tulipofika ghalani na majirani wanane, mlinzi alikuwa amekwisha kupata waraka. Alikuwa kijana wa mtaa ule ule, amekua akila maandazi ya Bi Mwanakheri. "Humu hamna kitu, mama," alisema bila kumwangalia usoni. "Kipo baharini."

Bi Mwanakheri aliweka kiganja chake juu ya mlango wa ghala. Ulikuwa mlango wa chuma kizito chenye misumari ya duara, na bila shaka nao ulikuwa kipande cha meli ile. Alisimama hivyo kwa muda, kama mtu anayepima joto la mgonjwa. Majirani walisimama nyuma yake na machela mikononi, hawajui waiweke chini au waendelee kuishika.

Hakunilaumu. Njiani kurudi aliniambia, "Ulinitakia mema." Ningependa angenitukana. Nilikaa Maghofira siku nane zaidi nikizunguka madirisha, na katika kila dirisha nilisikilizwa kwa upole mkubwa, kwa sababu sasa nilikuwa mtu wa familia ya baharia. Kisha muda wangu wa kukaa ukaisha, nikaondoka, na mtu wa mwisho kuonana naye getini alinipungia mkono akiniuliza kama nimesamehewa.

Hiyo ni miaka miwili iliyopita. Mwezi jana nilipata barua kutoka kwa Bi Mwanakheri, kwa mwandiko ule ule ulioahidi kutomuuza. Ananiambia Hemedi amepandishwa cheo. Sasa ni afisa wa tatu wa Heshima, kwa sababu katika watu mia nne na kumi na watatu ndiye pekee ambaye hajawahi kuomba likizo ya kichefuchefu. Walimletea kofia yake nyumbani kwa tarumbeta. Ule mgomba uliolazwa kaburini kumshikia mahali umechipua, umezaa, na mkungu wake wa kwanza umekatwa. Majirani wamekula, yeye hakuweza. Mwisho kabisa ameandika: "Mwanangu, wewe unajua makaratasi. Niambie ni karatasi ipi inayomfukuza baharia kazini, nami nitaijaza."

Ipo karatasi hiyo. Niliiona kwenye kitabu chao, kifungu cha thelathini na moja. Inataka kosa la aibu alilolitenda baharia, wizi au usaliti au ulevi, na saini ya shahidi mmoja aliyemwona akilitenda kwa macho yake. Ninayo hapa mezani, wiki ya tatu sasa. Jina la shahidi nimekwisha kuliandika, ni langu. Nafasi ya kosa bado iko wazi, na mimi niliyemfanya baharia kwa chini ya dakika moja nakaa kila siku kuitazama, nikimtafutia Hemedi uovu wa kumzulia ili mama yake aruhusiwe kumzika.